Mita Mbili kwa Mbili

Nafasi ilikuwa moja ya mtunza stoo, na benchi la mapokezi ya ile kampuni ya bima lilikuwa limebeba makalio kuliko fundi aliyelitengeneza alivyowahi kufikiria. Sabuni alikuwa wa sabini na tatu kwenye foleni. Tangazo lilitaka mtu asiyezidi miaka ishirini na tano mwenye uzoefu usiopungua miaka kumi na mitano. Sabuni alipiga hesabu akaona kwamba anayefaa ni mtu aliyeanza kutunza stoo akiwa darasa la nne, lakini alibaki pale pale, maana dada yake ndiye aliyempa habari za nafasi hiyo, na dada yake hakuwa mtu wa kurudishiwa jibu la "nilichoka kusubiri."

Jina la Sabuni alipewa mtaani kwa sababu hashikiki, na kwa sababu kila alipopita kuna mtu alibaki amesafishwa. Hakuzaliwa hivyo. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha mabeseni, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mikataba arobaini na minne! Kila ulipoisha alikaa wiki moja roho mkononi akingoja kama kutakuwa na mwingine. Baada ya ule wa arobaini na nne hapakuwa na mwingine, na tangu hapo akawa anakula kwa mdomo wake, kwa maana zote za maneno hayo.

Jamaa mnene alikuwa akipita kwenye foleni akikusanya bahasha za maombi. Kiunoni alining'iniza shada la funguo.

"Yule nani?" Sabuni alimuuliza mwanamke aliyekuwa wa sabini na mbili.

"Shemeji yake Meneja Utumishi. Ndiye mtunza stoo mpya. Anaanza wiki ijayo."

"Sasa sisi tunasailiwa nini?"

"Tunasailiwa ili isemekane tulisailiwa."

Sabuni hakukasirika. Hasira ni ya wenye matumaini. Aliegemea ukuta, akaanza kuitazama ile ofisi kubwa iliyokuwa nyuma ya kioo, na hapo ndipo riziki ilipomjia.

Fundi wa mapazia aliingia na futikamba yake, ile ya chuma inayojirudisha yenyewe ndani ya kasha lake. Alikuja kupima madirisha, basi. Lakini alipoivuta ikapiga "krrr" karibu na meza ya kwanza, ofisi nzima ilinyamaza. Mwanamke mmoja aliivuta meza yake kifuani kama anayeficha mtoto. Mwanamume mmoja alianza kupiga chapa kwa kasi kwenye kompyuta ambayo hata haikuwa imewashwa. Na karani mzee wa malipo, waliyemwita Mzee Kikokotoo, alimkimbilia fundi mpaka ngazini, pale pale karibu na benchi.

"Mwanangu, pale kwangu umepata ngapi?"

"Kwako wapi, mzee? Nimepima dirisha."

"Haya, haya. Dirisha," alisema Mzee Kikokotoo, akamkonyeza na kumtilia pakiti ya biskuti mfukoni. Fundi alishuka ngazi akiitazama ile pakiti asielewe kitu.

Sabuni alielewa. Dada alishamwambia kwamba kuna fununu ya watu kumi na wawili kupunguzwa, na hakuna anayejua ni akina nani. Mahali penye hofu ya namna hiyo mjanja hana haja ya kusema uongo. Anachohitaji ni kufika tu, waliomo watajidanganya wenyewe. Alisimama akatoka kwenye foleni, na aliyekuwa wa sabini na nne akapanda cheo papo hapo.

Msomaji asidhani Sabuni alikuwa anacheza. Dada alikuwa karani wa masjala wa kampuni hiyo hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa, akitunza majalada yote. Mjane, hana mwingine wa kumtegemea. Mshahara wake ndio uliolipa nyumba, na ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na sofa, na juu ya sofa hilo ndiko Sabuni alikolala. Fununu zilisema dada yumo katika wale kumi na wawili. Kwa hiyo na sofa lilikuwamo.

Jumatatu Sabuni alivaa tai ya marehemu mume wa dada, akanunua futikamba na daftari gumu, akaenda. Mlinzi wa mlangoni alimsimamisha.

"Unakwenda kwa nani, bwana?"

Sabuni alivuta futikamba, akapima meza ya mlinzi, urefu na upana, akaandika, akaguna, "Hmm."

"Pita, mkubwa," alisema mlinzi.

Asubuhi nzima alipima. Maneno yake yalikuwa matatu tu: "Hmm," "Kumbe," na "Tutaona." Hakuna aliyemuuliza katumwa na nani. Kila mmoja aliamini katumwa na mkubwa wa mwenzake, na juu ya hilo, katika ofisi inayongoja orodha, anayeuliza ndiye anayeonekana, na anayeonekana ndiye anayeandikwa. Kufikia saa nne walikuwa wameshajitungia nadharia kamili bila msaada wake: meza kubwa ni gharama, wenye meza kubwa ndio watakaoondoka. Kufikia saa sita walianza kumfuata mmoja mmoja kwenye korido, kila mmoja na kitu chake mkononi.

Mmoja alimpa kalamu ya wino. Mwingine chupa ya chai ya kuhifadhi moto. Yule wa kompyuta isiyowashwa alileta viatu, vipya, ingawa vilibana kidogo. Wote waliomba jambo moja, waandikiwe ndogo. Sabuni, ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu kisichomgharimu, aliandika ndogo. Meza za mita moja na nusu zikawa sentimita sitini.

Mzee Kikokotoo ndiye aliyekuja wa mwisho. Alileta mwavuli mweusi wenye mpini wa mti.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," alisema kwa sauti ya chini. "Miwili tu, mwanangu. Niandikie ndogo kabisa. Mtu asiyechukua nafasi hamsumbui mtu."

Sabuni alifungua daftari. Kwa huruma akampunguzia mzee kuliko wote, akaandika sentimita arobaini. Mwavuli aliuchukua vile vile. Huruma ni huruma na mwavuli ni mwavuli.

Masjala ilikuwa mwisho wa korido. Dada alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ndefu iliyojaa majalada, miwani puani, muhuri mkononi. Alimwona. Akaiona na tai.

"Funga mlango," alisema.

Sabuni akafunga.

"Nilikutuma kusailiwa."

"Dada, ile nafasi ina mwenyewe. Hata funguo anazo."

"Kwa hiyo ukaja kutushika watu wazima pumbu, siyo?" Dada hakuwa mtu wa matusi, na Sabuni alijua kwamba amefika pabaya. "Nikikutoa kwa ufagio sasa hivi, wataniuliza wewe ni nani yangu. Umenifunga mdomo kazini kwangu, mjinga wewe."

"Nataka nikuokoe tu. Nakuandikia sentimita hamsini, unakaa salama."

"Ushike adabu. Utapima kama ilivyo. Usiongeze hata sentimita, usipunguze hata sentimita."

Akapima kama ilivyo, maana dada ndiye aliyemlea na mkono wake aliujua. Mita nne na sentimita kumi na mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa namba pekee ya kweli katika daftari zima, na kuiandika kulimuuma. Alitoka akiamini kwamba dada amejichimbia kaburi kwa ukaidi wake. Ilibaki njia moja, Meneja Utumishi mwenyewe.

Meneja alikuwa amesikia "krrr" tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa akiiandaa orodha ya watu kumi na wawili, sasa hapa kuna mpimaji asiyemtuma yeye! Maana yake ni moja tu, Mkurugenzi, mwenye kampuni, ambaye hakuwa ameonekana mwaka wa pili sasa, ametuma mtu kwa mgongo wake. Sabuni alipoingia, Meneja alisimama. Sabuni alipima ofisi kutoka ukuta hadi ukuta. Mita tano kwa sita. Akafunga daftari, akasema neno la nne la upimaji wake.

"Kubwa."

Meneja alikwenda akafunga mlango kwa ufunguo.

"Kaka," alisema, "tuongee kama watu wazima. Ni lazima iwe kubwa?"

"Futikamba haina shemeji, Meneja."

Neno "shemeji" lilimwingia Meneja vizuri. Alikaa chini.

"Unataka nini?"

"Mimi? Sina ninachotaka. Ila nasikia kuna nafasi ya mtunza stoo. Ajira ya kudumu. Kwa barua."

"Ile ina mtu."

"Mita tano kwa sita," alisema Sabuni, akifungua daftari.

"Haina mtu!" alisema Meneja. "Barua utaipata leo hii."

"Na yule mama wa masjala yumo kwenye orodha yako?"

"Yumo."

"Mtoe."

"Nikimtoa nitamweka nani? Lazima watimie kumi na wawili."

"Mweke shemeji yako."

"Lakini bado hajaajiriwa!"

"Basi hatasikia maumivu."

Meneja alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoona kwamba jambo lile lina hekima yake. Akakubali, kwa sharti moja. Taarifa ya vipimo iandike ofisi yake mita mbili kwa mbili, na aione kwa macho yake ikiwa imegongwa muhuri wa masjala. Katika kampuni ile karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga, na karatasi yenye muhuri ni ukweli, hata ikisema jua ni la kijani.

Saa tisa Sabuni alikuwa ameketi ngazini na barua mkononi. Aliisoma mara nne. "Ajira ya kudumu." Aliyapitishia maneno yale kidole polepole. Alikuwa ameingia mle kutapeli, na sasa macho yalimlowana, na ilibidi ajifanye anafuta vumbi. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameyangoja maneno hayo mawili kwa uaminifu, hayakuja. Siku moja ya utapeli yakaja yamepigwa chapa, na jina lake juu.

Kabla ya kunakili taarifa alikwenda kuitazama stoo yake. Ilikuwa mita nane kwa kumi, na dirisha, na kochi la zamani la ngozi lililotupwa humo. Sabuni alilijaribu kochi hilo kwa mgongo, akaona maisha yake yote yaliyobaki yakipita humo kwa utulivu. Mali nzuri haitangazwi. Chumba kama hicho kikionekana kwenye karatasi, kesho kutakuwa na mkubwa anayekitaka. Akaandika: "Stoo, mita mbili kwa mbili."

Akaipeleka taarifa masjala. Dada aliisoma yote, mstari kwa mstari. "Masjala haipimi, inagonga," alisema, akagonga muhuri mara tatu.

"Nakala ya kwanza ya Meneja. Ya pili jaladani. Ya tatu kwa Mkurugenzi."

"Dada, hiyo ya tatu iache."

"Miaka kumi na tisa sijaruka nakala ya tatu. Ndio utaratibu."

"Aliwahi kujibu hata moja?"

"Hajawahi."

Sabuni akacheka, akatulia. Barua isiyosomwa haina madhara. Hakujua kwamba nakala zote za miaka kumi na tisa zilikuwa na kurasa arobaini arobaini. Hii ilikuwa na ukurasa mmoja, tena wa namba tupu. Hiyo Mkurugenzi aliisoma.

Sabuni alianza kazi Alhamisi. Ijumaa saa nne, Mkurugenzi akatokea.

Aliwakusanya wote katika ile ofisi kubwa, karatasi mkononi. Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, na swali lake la kwanza lilimsogeza Sabuni nyuma ya wenzake.

"Nani alimtuma mpimaji?"

Watu walimtazama Meneja. Meneja akajibu kwa niaba ya wote.

"Tulidhani... ni wewe, bosi."

Sasa Mkurugenzi naye alikuwa mtu kama watu wengine. Akisema si yeye, atakuwa amekiri kwamba hajui kinachotendeka ndani ya kampuni yake mwenyewe. Alikohoa.

"Naam," alisema. "Ni mimi. Nilitaka kuona kama mnajua."

Sabuni akashusha pumzi. Aliishusha mapema.

"Nimeisoma taarifa," aliendelea Mkurugenzi, "na nimeshangaa. Mtu ana meza ya sentimita sitini. Hapo anafanya kazi gani? Anaweka kikombe? Na huyu karani wa malipo ana sentimita arobaini! Arobaini ni kiti cha mtoto. Wote walio chini ya mita moja, kazi yao ni ndogo, na kampuni haina kazi ndogo za kulipia. Kumi na mmoja hao."

Angegeuza shingo tu angeziona meza zenyewe, pana, zimejipanga pande zote. Hakugeuza. Karatasi ilikuwa na muhuri.

"Na Meneja Utumishi. Mita mbili kwa mbili! Mimi nimekuwa nikimlipa meneja wa chooni?"

Meneja angesema kweli ingempasa aeleze namba ile aliinunua kwa bei gani. Kumi na wawili wakawa wametimia.

"Masjala, mita nne na sentimita kumi na mbili. Huyo ndiye mwenye kazi humu. Abaki." Mkurugenzi aligeuza karatasi. "Mwisho, stoo. Mita mbili kwa mbili haihitaji mtunzaji, inahitaji kufuli. Nafasi hiyo nimeifuta. Mtunza stoo ni nani?"

Sabuni aliinua mkono polepole, na nyuma yake mtu akanong'ona, "Mpimaji."

"Si wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiye mimi, bosi."

"Hongera. Kazi nzuri sana." Mkurugenzi alimpa mkono. "Rudisha ufunguo mapokezi."

Ajira ya kudumu ilikuwa imedumu saa ishirini na sita, ukihesabu na za kulala.

Hapo ndipo Sabuni angeondoka kwa ujanja wake wa siku zote, pole pole, kuelekea mlangoni. Lakini Mzee Kikokotoo alikuwa njiani, anakusanya vitu vyake katika boksi: kikokotoo chenyewe, kitana, picha ya wajukuu. Alimwona akatabasamu.

"Asante, mwanangu. Uliandika ndogo kama nilivyokuomba. Basi tu, haikuwa riziki."

Kama angemtukana, Sabuni angepona. Shukrani ile ilimchoma kuliko kofi. Alisimama pale na mwavuli wa mzee mkononi, aibu ikimpanda kutoka kwenye vile viatu vya kubana mpaka masikioni, kisha akageuka akarudi kwa Mkurugenzi.

"Bosi, meza ya mzee ni mita moja na nusu. Niliandika uongo. Na zile nyingine ni uongo pia. Itazame, hiyo hapo."

Ulikuwa ukweli wa kwanza kutoka mdomoni mwake kwa muda mrefu, na haukuzoea njia, ulitoka unakwaruza.

Mkurugenzi hakuitazama meza.

"Unayo karatasi inayosema hivyo?"

"Sina."

"Ina muhuri?"

"Bosi, sina karatasi..."

"Basi," alisema Mkurugenzi, akaangalia saa. "Barua za kuwaachisha zitatoka Jumatano." Akaenda zake.

Jioni Sabuni alirudi nyumbani, akamkuta dada sebuleni amepiga magoti, na futikamba. Alikuwa anapima sofa.

"Mita moja na sentimita tisini," alisema bila kuinua macho. "Hmm."

"Dada."

"Kubwa."

"Dada, nilitaka usifukuzwe. Haki ya Mungu."

Dada alikaa sakafuni, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake muda mrefu.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana bado umesimama ndani ya nyumba yangu. Lakini umeniachia kazi ambayo nitaifanya nikitazama viti kumi na viwili vitupu. Uliniuliza kama naitaka hivyo?"

Dada alinyanyuka, akatoa mkobani muhuri wake na karatasi tatu zilizopigwa chapa vizuri.

"Barua zinatoka Jumatano. Jumatatu utapima upya meza zote, kwa kweli, mimi nikikusimamia. Itaitwa 'Marekebisho ya Vipimo.' Ukurasa mmoja, maana nimejua sasa anasoma kurasa ngapi. Nitagonga muhuri, nakala ya tatu nitampelekea kwa mkono wangu. Na kila kitu ulichopewa utakirudisha, kuanzia na mwavuli."

"Hata viatu?"

"Vua sasa hivi."

Akavua. Miguu ilishukuru kuliko mwenyewe.

"Na Meneja?" aliuliza. "Yeye naye nimrudishie mita tano kwa sita?"

"Kama ilivyo, nilikwambia. Meneja utampima kwa usahihi, na pembeni utaandika alikupa nini apungue. Hilo nalo lina nafasi yake jaladani."

"Na mimi nitalipwa nini?"

"Sofa."

Dada alimpa kalamu. Sabuni alisoma karatasi ya kwanza. Mkataba wa kulalia sofa, miezi mitatu, waweza kuongezwa kutegemea utendaji. Majukumu, kupima kwa kweli na kuosha vyombo. Alitafuta neno "kudumu" kuanzia juu hadi chini, nyuma na mbele, hakuliona.

Akatia sahihi mkataba wake wa arobaini na tano, nakala tatu, na dada akagonga muhuri.